Ethiopian Airlines na ndege zake zinazozeeka: kwa nini foleni ya Boeing inafika hadi Butembo

Mwezi wa kumi 2025, kampuni ya Boeing ya Marekani ilitangaza kwamba ndege yake mpya kubwa, 777-9, haitakabidhiwa kwa mteja wa kwanza kabla ya mwaka 2027. Ndege hiyo ilitakiwa kuanza kazi mwaka 2020. Kwa ucheleweshaji huo mpya peke yake, Boeing iliandika hasara ya dola bilioni 4.9 katika hesabu zake.

Kwa mtu wa Butembo, Bukavu au Bunia, habari hiyo inaweza kuonekana ya mbali, lakini inamgusa. Ethiopian Airlines ndilo shirika la kwanza barani Afrika kuagiza 777-9. Mfanyabiashara wa Butembo anayepita Entebbe kwenda Guangzhou kununua bidhaa, mgonjwa wa Bukavu anayekwenda India kutafuta matibabu, mama anayemfuata mtoto wake Brussels au Washington: wengi wao hubadilisha ndege Addis Ababa. Umri wa ndege watakayopanda kutoka pale, idadi ya viti vyake, na kwa sehemu bei ya tikiti, vinategemea jinsi Addis itakavyobadilisha ndege zake za masafa marefu.

Jambo hilo lina uzito wa pili kwa Wakongomani. Tangu mwezi wa kumi na mbili 2024, Ethiopian ni mshirika wa serikali ya Kongo ndani ya Air Congo, ikiwa na hisa asilimia 49 dhidi ya 51 za serikali. Kwa hiyo, jinsi Addis inavyopanga ndege zake ni jambo linaloihusu Kinshasa moja kwa moja.

Ndege zipi zinazeeka

Kwa jumla, ndege za Ethiopian ni changa kuliko za mashirika mengi ya Afrika. Hata hivyo, kundi la ndege zake kubwa halina umri mmoja.

Ndege za Boeing 777-200LR ndizo zinazotangulia. Ya kwanza ilifika Addis mwezi wa kumi na moja 2010, na Ethiopian ikawa shirika la kwanza la Afrika kuwa na aina hiyo. Leo ndege hiyo imepita miaka 15. Zinafuata Boeing 787-8, maarufu kama Dreamliner. Ethiopian ilipokea ya kwanza mwezi wa nane 2012, nayo pia ilikuwa ya kwanza barani Afrika. Halafu kuna Boeing 777-300ER zilizokuja baadaye kidogo, 787-9, na upande wa Ulaya, Airbus A350-900, ambazo zilianza kufika mwezi wa sita 2016.

Ndege kubwa ya abiria huweza kufanya kazi miaka 20 hadi 25 bila kuwa hatari, mradi itunzwe sawasawa. Tatizo ni gharama. Ndege inavyozidi kuwa ya zamani, ndivyo inavyokaa zaidi karakanani. Kila baada ya miaka kadhaa hufunguliwa karibu yote, viti vikatolewa, sakafu ikainuliwa, ili mafundi watafute nyufa na kutu. Kazi hiyo huchukua wiki nyingi na mamilioni ya dola. Wakati huo ndege haiingizi hata dola moja.

Gharama nyingine ni mafuta. Katika mashirika mengi ya ndege, mafuta hula kati ya robo na theluthi ya gharama zote. Airbus inasema A350 inatumia mafuta pungufu kwa asilimia 25 ikilinganishwa na ndege za kizazi kilichotangulia. Boeing nayo inatoa ahadi zinazokaribia hizo kwa 777-9. Hata kama mtu atapunguza kidogo maneno ya muuzaji, tofauti inabaki kubwa kwa ndege inayoruka saa kumi na tatu au kumi na nne kwa safari moja.

Addis iko juu, na hewa ya juu ni ghali

Uwanja wa Bole mjini Addis Ababa uko kwenye mwinuko wa mita zaidi ya 2,300 juu ya usawa wa bahari. Hapo hewa ni nyepesi. Mabawa hupata nguvu ndogo ya kuinua ndege, na injini hupata hewa kidogo ya kuchoma mafuta. Matokeo yake, ndege hiyohiyo inayoweza kuondoka Dubai ikiwa imejaa watu, mizigo na mafuta, ikiwa Bole inalazimika kupunguza kimoja kati ya hivyo vitatu.

Wakazi wa Goma wanalielewa jambo hili kwa njia yao. Uwanja wao uko mita zaidi ya 1,500 juu, na lava ya Nyiragongo ya mwezi wa kwanza 2002 ilifunika sehemu ya njia ya kurukia. Kwa miaka, ndege kubwa zilizotaka kuondoka na mzigo kamili hazikuweza. Barabara fupi na hewa nyepesi zilikutana mahali pamoja.

Ndiyo sababu kwa miaka mingi ndege za Ethiopian zinazokwenda Marekani zimekuwa zikitua njiani kuongeza mafuta, mara Dublin, mara Lomé, ilhali zikirudi kutoka Washington huweza kuja Addis moja kwa moja. Washington iko chini, karibu na usawa wa bahari, na upepo wa juu husukuma kuelekea mashariki. Kutua njiani kunagharimu ada za uwanja, mafuta ya kupanda tena, na saa za marubani.

Kwa Ethiopian, basi, kuchagua ndege mpya si suala la viti na bei tu. Swali la kwanza ni: ndege hii itaondoka Bole ikiwa na watu wangapi na mizigo kiasi gani? 777-200LR ilinunuliwa kwa sababu ilikuwa na nguvu ya kwenda mbali. Ndege itakayoichukulia nafasi lazima ifanye kazi hiyo kwa mafuta machache zaidi.

Jibu la pili ni kuhamisha uwanja. Ethiopian inajenga uwanja mpya karibu na mji wa Bishoftu, kiasi cha kilometa 40 kusini mashariki mwa Addis. Eneo hilo liko chini kuliko Bole kwa mita mia kadhaa. Awamu ya kwanza imepangwa kupokea abiria milioni 60 kwa mwaka, wakati Bole inaweza kupokea takriban milioni 25. Benki ya Maendeleo ya Afrika imekubali kuongoza kazi ya kutafuta sehemu kubwa ya fedha za mradi huo. Mpango wa ndege na mpango wa uwanja unatembea pamoja: ndege kubwa zisizo na mahali pa kuegesha ni hasara, na uwanja mkubwa usio na ndege ni jengo tupu.

Kusimama kwa miguu miwili

Hadi mwaka 2009, kwa safari ndefu Addis ilikuwa nyumba ya Boeing. Uhusiano huo ulikuwa wa miaka mingi. Ethiopian ilianza kurusha ndege za Boeing za injini ya jeti mwaka 1962, na mwaka 1984 Boeing 767 yake mpya iliruka kutoka Washington hadi Addis bila kutua.

Lakini mwaka 2005 Ethiopian ilipoagiza Dreamliner kumi, ilijifunza somo kali. Ndege ya kwanza ilitazamiwa mwaka 2008. Ilifika mwaka 2012, kuchelewa kwa miaka minne. Katikati ya kungoja, shirika liliendelea kurusha 767 za zamani na kuingiza 777-200LR. Mwaka 2009 likaagiza Airbus A350-900 kumi na mbili.

Tangu hapo sera ya Addis imekuwa kuagiza pande zote mbili. Mwaka 2022 ilibadilisha A350-900 nne zilizokuwa kwenye foleni ili ziwe A350-1000, ambazo ni kubwa zaidi. Ya kwanza ilifika mwezi wa kumi na moja 2024 ikiwa na viti 395, na hakuna shirika jingine la Afrika lililokuwa na ndege ya aina hiyo. Mwezi wa kumi na moja 2023, kwenye maonyesho ya ndege ya Dubai, Ethiopian iliagiza Boeing 787-9 kumi na moja na 737 MAX ishirini, pamoja na haki ya kuongeza nyingine, na upande wa Airbus ikaongeza A350-900 kumi na moja. Mwezi wa tatu 2024 ikasaini makubaliano ya 777-9 nane, yenye nafasi ya kuongeza hadi kumi na mbili. Mwezi wa kumi na moja 2025, tena Dubai, ikaongeza A350-900 sita.

Mtu akiangalia orodha hiyo haraka anaweza kudhani ni tamaa ya kununua. Ukweli ni kwamba ni bima. Mtengenezaji mmoja akichelewa, mwingine huenda akaleta. Tena, kila mmoja akijua mteja anaweza kwenda kwa jirani, hupunguza bei.

Bima hiyo ina gharama yake. Rubani wa Boeing 777 hawezi kupanda A350 kesho yake asubuhi. Anahitaji mafunzo mapya na cheti kipya. Mafundi pia, na stoo ya vipuri inakuwa mara mbili. Shirika dogo lenye ndege kubwa tano haliwezi kubeba mzigo huo. Ethiopian inaweza kwa sababu ina Dreamliner karibu 30 na A350 za kutosha, na kila kundi linatosha kulipa mafundi na vipuri vyake lenyewe.

Foleni inayorefuka

Tatizo la leo ni kwamba pande zote mbili zinachelewa.

Boeing imepita katika miaka migumu. Tarehe 10 mwezi wa tatu 2019, ndege ya Ethiopian aina ya 737 MAX ilianguka muda mfupi baada ya kuondoka Bole na kuua watu wote 157. Ilikuwa ajali ya pili ya aina hiyo ndani ya miezi mitano, baada ya ile ya Lion Air nchini Indonesia iliyoua watu 189. Ndege za MAX zilizuiwa kuruka duniani kote. Ethiopian yenyewe ilizirudisha angani mwezi wa pili 2022 tu.

Tangu hapo wakaguzi wa Marekani hawaiamini tena Boeing kama zamani, na kila ndege mpya hukaguliwa kwa ukali zaidi. Hilo ni jema kwa msafiri, lakini linarefusha muda. Dreamliner nazo zilisimamishwa kukabidhiwa kwa zaidi ya mwaka, hadi mwezi wa nane 2022, kwa sababu ya kasoro za viwandani. Mwaka 2024 majaribio ya 777-9 yalisimamishwa baada ya kukutwa nyufa kwenye kifaa kinachoshikilia injini. Mwaka huohuo wafanyakazi wa Boeing walifanya mgomo wa wiki saba.

Airbus nayo haina nafasi za haraka. A350 inatafutwa na kila mtu, na baadhi ya ndege hungoja viti au vifaa vingine vidogo vinavyotoka kwa makampuni mengine. Chama cha kimataifa cha mashirika ya ndege, IATA, kilieleza mwishoni mwa 2024 kwamba ndege zilizoagizwa na bado hazijakabidhiwa duniani zilifikia 17,000, na kwamba umri wa wastani wa ndege zinazoruka umepanda hadi miaka 14.8, kiwango ambacho hakijawahi kuonekana.

Maana yake ni rahisi. Shirika linaloamua leo kuagiza ndege kubwa mpya moja kwa moja kutoka kiwandani halitaipata kabla ya miaka mingi. Nafasi alizonazo Ethiopian kwenye foleni, kwa namna fulani, zina thamani kuliko ndege zenyewe.

Lakini hata aliye mbele kwenye foleni anaumia. Kila mwaka 777-9 inapochelewa, 777 za zamani zinaongezewa mwaka mwingine wa kazi. Karakana inajaa. Mafuta yanaongezeka. Na njia mpya ambazo shirika lilitaka kufungua zinangoja. Ethiopian ina mpango unaoitwa Dira ya 2035, unaolenga kufikisha ndege 271 na abiria milioni 65 kwa mwaka. Katika mwaka wa hesabu uliomalizika katikati ya 2025, ilibeba abiria takriban milioni 19 na kupata mapato ya dola bilioni 7.6. Kutoka hapo hadi lengo kuna mlima, na mlima huo unapandwa kwa ndege ambazo nyingi bado ziko viwandani.

Ndege ya zamani haitupwi

Katika mpango wa Addis, ndege inayoondoka kwenye safari za abiria haiendi kuuzwa kama chuma chakavu mara moja.

Njia moja ni kuigeuza ya mizigo. Mwaka 2021 Ethiopian ilikubaliana na kampuni ya Israeli, IAI, kuanzisha Addis Ababa kituo cha kubadilisha Boeing 767 za abiria ziwe za mizigo. Madirisha huzibwa, viti hutolewa, sakafu huimarishwa na mlango mkubwa hukatwa ubavuni. Ndege iliyochoka kwa abiria hupata maisha mengine ya kubeba maua, nyama, dawa na bidhaa za mtandaoni. Ndege ya mizigo huruka saa chache kwa siku, kwa hiyo ulaji wake wa mafuta hauumi sana.

Njia ya pili ni kuikodisha au kuihamishia kwa mashirika ambayo Ethiopian ina hisa ndani yake: ASKY ya Togo, Malawian Airlines, Zambia Airways na sasa Air Congo. Hapa ndipo mpango wa Addis unapofika kwenye mlango wa Kongo. Air Congo ilianza kazi ikiwa na Boeing 737-800 mbili zilizotoka Ethiopian. 737 MAX zinapofika Addis, 737-800 zinapata nafasi ya kwenda kwingine. Zikichelewa, hata mashirika madogo yanangoja.

Njia ya tatu, ambayo haionekani kwa msafiri, ni karakana yenyewe. Ethiopian ina chuo cha marubani na mafundi pamoja na karakana kubwa Bole, zinazohudumia pia ndege za nchi nyingine. Shirika lenye mafundi wake linaweza kuendelea na ndege ya miaka 18 kwa gharama ndogo kuliko shirika linaloipeleka Ulaya kila inapougua. Kwa hiyo kuchelewa kwa Boeing, ambako kungemwangusha mwingine, kwa Addis kunakuwa maumivu yanayovumilika.

Nani analipa

Swali ambalo wasomaji wengi hujiuliza ni fedha. Bei iliyoandikwa ya ndege moja ya 777-9 inapita dola milioni 400, ingawa hakuna shirika kubwa linalolipa bei hiyo. Hata kwa punguzo kubwa, ndege nane ni mzigo mkubwa kwa shirika la nchi maskini.

Serikali ya Ethiopia ndiyo mmiliki wa shirika kwa asilimia mia moja. Lakini serikali hiyo haina fedha za kugawa. Mwezi wa kumi na mbili 2023 ilishindwa kulipa riba ya dola milioni 33 kwa waliokuwa wameikopesha kupitia masoko ya kimataifa. Mwezi wa saba 2024 iliacha sarafu yake, birr, ijitafutie bei sokoni, na thamani yake ikaporomoka.

Katika hali hiyo, benki zinaendelea kuikopesha Ethiopian Airlines. Sababu ni kwamba sehemu kubwa ya mapato ya shirika ni dola, euro na fedha nyingine ngumu, kutoka kwa abiria ambao wengi wao si Waethiopia. Mtu wa Lagos anayekwenda Mumbai, Mchina anayekwenda Lubumbashi, Mkongomani anayekwenda Dubai: hao ndio wanaolipa ndege. Tena ndege yenyewe ndiyo dhamana. Deni lisipolipwa, mkopeshaji anaichukua na kuikodisha kwa mwingine. Na ndege inayotafutwa na dunia nzima ni dhamana nzuri.

Wengi hukosea hapo wanapofikiri Ethiopian inabebwa na serikali yake. Serikali imeliacha shirika liweke faida yake kwenye ndege, mafunzo na majengo, na viongozi wake wengi wamekulia ndani. Mesfin Tasew, anayeliongoza kundi zima tangu mwezi wa tatu 2022, ni mhandisi aliyefanya kazi humo kwa miongo kadhaa kabla ya kupewa kiti hicho.

Kongo iko wapi katika foleni

Kongo si mgeni wa ndege kubwa. Mwanzoni mwa miaka ya 1970, Air Zaïre ilinunua DC-10 mbili mpya, ambazo wakati huo zilikuwa miongoni mwa ndege za kisasa kabisa duniani. Zilikwenda Brussels na Paris. Kilichokosekana ni mpango wa siku zitakapozeeka. Hapakuwa na akiba iliyowekwa, na madeni yaliongezeka hadi shirika likafa mwaka 1995.

Congo Airways, iliyoanza kuruka mwaka 2015 kwa Airbus A320 zilizotumika, ilijaribu kuingia kwenye foleni. Mwishoni mwa 2019 na katika mwaka 2020 ilisaini mikataba na kampuni ya Embraer ya Brazil kwa ndege mpya. Hadi Air Congo inazaliwa, hakuna hata moja ya ndege hizo iliyokuwa imeanza kubeba abiria wa Congo Airways. Kusaini ni jambo moja, na kulipa awamu kwa awamu huku kiwanda kikiunda ni jambo jingine. Anayeacha kulipa hutolewa kwenye foleni, na nafasi yake hupewa mwingine.

Air Congo inaanza vizuri zaidi, kwa sababu ina mshirika mwenye ndege, mafundi na nafasi kwenye foleni. Lakini ikiwa siku moja itataka kwenda Brussels au Paris kwa jina lake, kizuizi cha kwanza hakitakuwa ndege. Tangu Umoja wa Ulaya utoe orodha yake ya kwanza ya mashirika yaliyokatazwa mwaka 2006, mashirika yenye cheti cha Kongo yamekuwa humo, kwa sababu Ulaya haiamini ukaguzi wa mamlaka ya usafiri wa anga ya nchi. Dreamliner iliyosajiliwa Kinshasa, hata ikiwa mpya kabisa, haitaruhusiwa kutua Zaventem. Njia iliyopo ni kukodi ndege pamoja na marubani kutoka shirika lisilokatazwa, na hapo faida kubwa hubaki kwa mwenye ndege.

Ndiyo maana maswali ambayo wabunge na wasafiri wa Kongo wanapaswa kumuuliza waziri wa uchukuzi si kuhusu rangi ya ndege mpya. Wakongomani wangapi wanafunzwa Addis urubani na ufundi kila mwaka? Je, faida ya Air Congo, ikipatikana, inawekwa kwa ajili ya ndege za miaka kumi ijayo, au inaliwa? Mamlaka ya usafiri wa anga inafanya nini ili kutoka kwenye orodha ya Ulaya? Na wakati ndege za Addis zinapozeeka na kutafutiwa kazi nyingine, Kongo itapewa zipi, kwa masharti gani, na nani atazikagua?

Upande wa mashariki una swali lake zaidi. Tangu mwisho wa mwezi wa kwanza 2025, uwanja wa Goma, ambao Ethiopian ilikuwa ikiutumia, haupokei ndege za abiria kwa sababu ya vita. Msafiri wa Kivu anavuka mpaka kwenda Kigali au Entebbe, analipa usafiri wa barabara, hati za kuvuka na mara nyingine chumba cha kulala, ndipo apate ndege ya Addis. Kwake, ndege mpya yenye mafuta machache haishushi gharama ya safari ikiwa nusu ya matatizo yake iko kabla ya kufika uwanjani.

Miaka miwili ijayo

Kama Boeing itatimiza tarehe yake mpya, 777-9 ya kwanza itaingia kazini mwaka 2027 kwa mteja mwingine, kisha zamu ya Addis itafuata. Kwa wakati huo, wasafiri wataendelea kukutana na 777 za zamani kwenye safari ndefu, pamoja na Dreamliner na A350. Ndege hizo hazipaswi kumtia mtu hofu kwa sababu ya umri pekee; kinachohesabika ni jinsi zinavyotunzwa.

Kinachobaki ni somo ambalo Addis imelipia kwa miaka saba ya kungoja Dreamliner yake ya kwanza. Ndege itakayohitajika mwaka 2035 inaagizwa sasa, na anayeiagiza lazima awe na fedha za kulipa kila awamu, mafundi wa kuitunza na kazi ya kuipa ile inayoondoka. Air Zaïre ilikuwa na ndege bila mpango. Air Congo leo ina mshirika mwenye mpango. Siku ndege zake za kwanza zitakapozeeka, ndipo Wakongomani watajua kama mpango huo umekuwa wao pia, au umebaki wa Addis peke yake.